Stika zenye antena kwenye maboksi: usizichome

SWALI: Nanunua maboksi na chupa za plastiki hapa Majengo, Dodoma. Siku hizi napata maboksi yenye stika ambayo ukiimulika unaona waya unaong'aa ndani. Jamaa mmoja ameniambia nizikusanye nizichome, eti zina dhahabu. Je, ni kweli? Na zinaharibu mzigo?

JIBU: Ndugu yangu, usichome. Habari hii ya dhahabu naletewa mara kwa mara, na anayeieneza hajui anachokisema. Hizo ni stika za RFID, yaani za utambulisho unaosomwa kwa mawimbi ya redio: huo waya ni antena, mara nyingi ya aluminiamu nyembamba kuliko unywele, iliyobandikwa juu ya plastiki. Chipu yake, kile kipande kidogo kinachobeba taarifa, haifiki hata milimita moja. Zipo chipu zenye nukta za dhahabu kwenye maungio, lakini kwa macho huzioni, sembuse kuzipima kwenye mizani! Ukichoma, aluminiamu inapotelea kwenye majivu, na wewe unavuta moshi wa plastiki na gundi.

Kuhusu mzigo, maboksi yasikusumbue sana. Kiwandani yanalowekwa hadi yawe rojo, na vichujio vinanasa sehemu kubwa ya stika. Kwenye chupa ndiko kwenye kazi: bandua, kwa sababu vipande vya metali vikiingia kwenye plastiki inayoyeyushwa vinaziba vichujio vya mashine na kushusha ubora.

Kinachoniudhi ni huu mtindo wa kuchoma kila kitu. Hawa hawa wa stika ndio wanaowafundisha vijana kuchoma nyaya wapate shaba, na kulowesha bodi za simu kwenye asidi bila hata glavu. Ganda la nyaya nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini. Likiungua pamoja na shaba hutoa dayoksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Hereni za kielektroniki za kutambulisha ng'ombe nazo zina koili ya shaba ndani ya plastiki, ambayo mara nyingi ni poliurethani, na moshi wa poliurethani una sianidi, sumu kali. Halafu mtu anachomea uani, watoto wanacheza pembeni, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Tangu 2021 tuna kanuni za taka za kielektroniki, na wanaozikusanya wanatakiwa kuwa na kibali. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wapo hapa hapa Dodoma, waulize nani anacho. Nyaya zimenye kwa kisu: shaba iliyomenywa inabaki safi, na mnunuzi wa skrepa huilipia zaidi ya ile iliyoungua.