Jibu: Boti ya kulala wiki nzima, Bahari ya Shamu

Dada, umeuliza uchukue boti ipi ya safari ya kuzamia huko Misri, ile ya bei nafuu au ile yenye jakuzi. Jakuzi iache kwanza. Waulize wenye boti zote mbili: nikilala chumba cha chini, nina njia ngapi za kutokea, na zinatokea wapi? Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua California wakafa watu 34 waliolala chini. Njia zote mbili zilitokea kwenye ukumbi mmoja, na moto ulikuwa humo humo. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, pita mwenyewe kwenye mlango wa dharura. Mimi niliwahi kukuta godoro limelazwa juu ya mfuniko wake. Nilimwita nahodha palepale likaondolewa. Uliza pia nani anakesha usiku, na betri zinachajiwa wapi.

Halafu, umezamia mara 20 tu. Brothers na Daedalus, ile miamba ya mbali baharini, bado, dada. Huko wanataka angalau mara 50, na mkondo una nguvu kweli. Nenda kaskazini, kwenye hifadhi ya Ras Mohammed, na kama cheti chako cha kuzamia kinaruhusu kina cha mita 30, meli iliyozama ya Thistlegorm.