Mshipa wa mguu umeziba, mzee hataki kuchanwa

Swali: Dokta shikamoo. Nipo Kiboriloni hapa Moshi. Baba ana miaka 68, kisukari anacho muda mrefu, na sigara kaacha juzi juzi tu baada ya kugombezwa sana. Zamani alikuwa anatoka nyumbani mpaka soko la Mbuyuni kwa miguu na anarudi na mzigo, saa hivi akitembea kidogo tu kigimbi cha kulia kinakaza mpaka ashike ukuta, akisimama dakika mbili tatu kinaachia anaendelea. Sisi tulijua ni baridi yabisi tukawa tunamchua na kumkanda maji ya moto kila jioni. Juzi wamempima wakasema mshipa wa paja umeziba sehemu ndefu. Sasa shemeji yangu yuko Marekani anasema kule wanapitisha damu pembeni bila kuchana, wanatoboa tu. Ni kweli? Baba kasema kama ni kuchanwa bora abaki hivo hivo.

Jibu: Marahaba dada. Shemeji yako hajadanganya, ila kaanzia mwisho.

Kabla ya yote acheni kumkanda na maji ya moto leo leo. Mguu wa mtu wa kisukari mara nyingi ganzi imeshaingia, hasikii joto vizuri, anaungua bila kujua, na kwa sababu damu haifiki kidonda hicho hakiponi. Kuna wazee wamepoteza mguu kwa beseni la maji ya moto na mapenzi ya watoto wao.

Alafu maelezo yako yenyewe yanaonyesha ni mshipa. Kigimbi kinachokaza ukitembea kikaachia ukisimama tu ndo dalili yenyewe, maumivu yanayotoka mgongoni kwa kawaida hayaachii mpaka ukae au uiname. Kipimo cha kwanza wala hakihitaji mashine ya ajabu, wanapima presha mkononi, wanapima na ya kifundo cha mguu wakisikilizia na doppla (kifaa cha kusikia damu inavyopita), wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Mkononi 150, mguuni 75, hiyo ni 0.5, na chochote chini ya 0.9 ni tatizo. Ila kwa mtu wa kisukari ulizeni kama walipima na kidole gumba cha mguu, maana mishipa yake inaweza kuwa migumu kwa chokaa, kifundo kikatoa namba nzuri ya uongo.

Sasa tuje kwenye kutoboa. Nyie wa Kilimanjaro mfereji mnaujua, udongo ukiporomoka ukaziba mnaweza kuzibua palepale, au mkachimba njia nyingine ipite pembeni iungane na mfereji huko chini. Kuzibua ndo puto na stenti (kibomba cha wavu kinachobaki ndani kushikilia mshipa uwe wazi), kuchimba pembeni ndo baipasi, na kwa vyote viwili kama huko chini nako kumejaa tope hadi mwisho basi maji hayana pa kwenda na kazi yote ni bure. Ndo maana daktari wa mishipa akiangalia picha ya CT haangalii paja peke yake, anatafuta pia mishipa mitatu iliyo chini ya goti, ipo wazi mingapi.

Baipasi ya mguu kwa vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) ya mgonjwa mwenyewe aliianza Jean Kunlin kule Paris mwaka 1948. Unachanwa kinenani, unachanwa karibu na goti, vena ndefu ya mguu inageuzwa na kushonwa juu na chini ya palipoziba. Inafanya kazi vizuri tu, tatizo ni mkato mrefu kwa watu ambao kupona kwao ndo kwa shida. Na baba yako siyo wa kwanza kugoma. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikataa kukatwa mguu ulioanza kuoza, daktari Charles Dotter akampitishia katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya mshipa akaupanua, bibi akarudi kutembea. Puto likaja baadaye, Andreas Grüntzig mwaka 1974. Siku hizi wanatoboa kinenani tundu la kama milimita mbili, waya unapita, puto linapanua, stenti inabaki, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Shida ni pale palipoziba pakiwa parefu, hapo stenti ndani ya paja linalokunjwa kila siku zinaziba tena mapema.

Anachokisema shemeji kimekuja kwa ajili ya hao wenye sehemu ndefu, na kusema kweli ni ujanja hasa. Hawapiti ndani ya palipoziba kabisa. Wanaingia kwenye ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, juu ya palipoziba wanatoboa ukuta kwa sindano wanahamia kwenye vena inayopita jirani, wanashuka nayo, wakishavuka wanatoboa tena kurudi kwenye ateri, alafu wanapanga stenti zenye ganda zinazopishana kidogo mwanzo mpaka mwisho, damu inapita humo ndani ya bomba ambalo liko ndani ya vena. Marekani iliruhusu kifaa hicho mwaka 2023 kwa sehemu zilizoharibika kati ya sentimita 20 na 46. Vena lazima iwe pana kwa sababu bado ina kazi yake ya kurudisha damu kuzunguka hilo bomba, ikiwa nyembamba damu inaweza kuganda humo. Na chini ya goti lazima pawe na pa kumwagia.

Ila mimi kwa baba yako nisingekimbilia huko, wala kwenye kisu. Mtu anayeumia akitembea tu, hana kidonda, usiku analala vizuri, dawa yake ya kwanza ni kutembea. Nasema kwa maana yake, siyo kuzunguka ua. Atembee mpaka kikaze, asimame, kikiachia aende tena, nusu saa mpaka dakika 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Mishipa midogo ya pembeni na misuli yenyewe inazoea, wengi umbali wanaofika unaongezeka sana bila mtu kuwagusa. Kiboriloni pana vilima kwa hiyo aanze panapolala. Pamoja na hiyo aspirini au klopidogreli (dawa za kuzuia damu isigande) kama daktari atakavyoona, dawa ya kolestro hata kama kipimo cha kolestro kimekuja kizuri, sukari ishikwe, na sigara isirudi hata ya kuonja kwenye msiba.

Kitakachobadilisha maneno yangu yote ni hiki: akianza kuumia usiku amelala mpaka aning'inize mguu nje ya kitanda ndo apate nafuu, au kidole kikiwa cheusi, au kidonda kidogo kimegoma. Hapo hamsubiri wiki 12, mnampeleka hospitali ya KCMC siku hiyo hiyo kwa madaktari wa upasuaji, maana mguu wenyewe uko hatarini. Na mzee aambiwe mapema kwamba ikifika huko, kuchanwa kunaweza kuwa ndo kuzuri zaidi. Utafiti wa BEST-CLI wa mwaka 2022 ulichukua wagonjwa 1,830 wa namna hiyo, wenye vena nzuri walioanza na baipasi ya kuchanwa walifanya vizuri kuliko walioanza na kutoboa. Mwaka uliofuata BASIL-2 ya Uingereza, kwa walioziba chini ya goti, ikaja na jibu la kinyume. Kwa hiyo akikuambia mtu kutoboa ndo kisasa na kuchana ni ushamba, muulize vena ya baba ikoje na pameziba wapi. Akikosa jibu achana naye.

Swali: Dokta habari za kazi. Mimi ni dereva wa kifodi, nakaa Sakina, Arusha. Mishipa mitatu ya moyo imeziba, na nina kisukari. Taasisi ya moyo ya JKCI Dar wamenishauri baipasi ya kufungua kifua. Nimeona video wanapitia ubavuni kitundu kidogo na roboti inafanya. Naogopa kupasuliwa mfupa, na nani atalisha watoto muda wote huo nisipoendesha?

Jibu: Salama kaka, pole sana. Hiyo ya ubavuni ipo, ni mkato wa sentimita 5 mpaka 8 katikati ya mbavu chini ya titi la kushoto, moyo unaendelea kupiga, kifaa kinashikilia tu pale wanaposhona. Wala wazo lenyewe siyo jipya, Vasilii Kolesov alishapitia ubavuni kule Leningrad mwaka 1964 bila mashine ya kuzungusha damu, miaka mitatu kabla ya René Favaloro wa Cleveland kuipa umaarufu baipasi ya vena. Roboti ilianza Paris mwaka 1998.

Tatizo lako ni hiyo namba tatu. Kwa kitundu cha ubavuni mshipa unaofikiwa vizuri ni ule wa mbele, wa pembeni na wa nyuma ya moyo ni kazi nyingine kabisa. Kuna sehemu wanachanganya, wa mbele wanaushona kupitia ubavuni alafu iliyobaki wanaweka stenti, lakini hilo linategemea picha yako na uzoefu wa timu. Mwenye kisukari na mishipa mingi namsihi sana asichague kwa kuangalia kovu. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, watu 1,900 wote wa kisukari, baada ya miaka mitano waliokufa au kupata shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 kwa stenti na 18.7 kwa baipasi.

Swali la kwenda nalo Dar ni kama ule mshipa wa ndani ya kifua utatumika kwa mshipa wa mbele wa moyo, maana huo baada ya miaka 10 karibu 9 kati ya 10 bado upo wazi, vena ya mguu haifiki huko. Uliza pia kama vena ya mguu watatoa kwa kamera, hapo mguuni utapunguza mkato kweli.

Mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 mpaka 12. Usukani mzito wa kifodi na breki za ghafla za pale Mnara wa Saa hazifai kabla daktari hajakuruhusu, kwa hiyo tafuta deiwaka wa kuaminika kabla ya tarehe ya opresheni, na mkubaliane hesabu kwa maandishi. Nawajua madereva wa Arusha.

Swali: Dokta, kitunguu swaumu, tangawizi na ndimu kila asubuhi vinazibua mishipa? Msomaji, Usa River.

Jibu: Hapana. Kwenye mboga endelea navyo, vitamu. Ukivinywa kikombe kizima kama dawa na huku unatumia aspirini au klopidogreli mwambie daktari wako, hasa kama una tarehe ya opresheni, kwa sababu kitunguu swaumu kikiwa kingi kinaweza kuongeza kutoka damu.