Maswali yenu kuhusu Cartagena, bandari ya fedha ya Wahispania

Makala yetu juu ya Cartagena, bandari ya Kolombia iliyoshikwa na Wahispania kwa karibu miaka 300, imeleta ujumbe mwingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua machache. Mliouliza bei za hoteli mtanisamehe.

Cartagena kulichimbwa dhahabu? Wahispania walifuata nini pale? (Msomaji, Dodoma)

Pale penyewe hapakuwa na mgodi. Pedro de Heredia alipoanzisha mji mwaka 1533, yeye na watu wake walifukua makaburi ya Wazenú, wenyeji wa bara ya huko, wakabeba dhahabu waliyozikwa nayo wafu. Lakini makaburi huisha. Kilichobaki ni ghuba: pana, yenye kina, imekingwa na visiwa, msafara mzima wa merikebu unatia nanga bila kusumbuliwa na mawimbi.

Mali iliyopita hapo ilikuwa ya kwingine. Fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, ilishushwa hadi pwani ya Pasifiki, ikapakiwa kwenda Panama, kisha ikavushwa nchi kavu kwa nyumbu hadi Portobelo upande wa Karibi, kwenye gulio kubwa. Portobelo palisifika kwa homa na vifo, hakuna aliyetaka kukaa huko siku moja zaidi ya lazima. Kwa hiyo merikebu kutoka Sevilla zilikwenda kwanza Cartagena, zikangoja habari kwamba fedha imefika, ndipo zikatweka kwenda kuichukua. Baadaye zilirudi Cartagena kutengenezwa na kujaza maji na chakula, zikapitia Havana, zikaenda zao Ulaya. Mji uliishi kwa kungoja. Msafara ukiwapo, kila mwenye chumba, jiko au nyundo ana kazi. Ukiondoka, kunabaki biashara ndogo ndogo na magendo, na magendo hayakuwa haba.

Kuta zake kwenye picha zimenikumbusha Fort Jesus. Au ni macho yangu tu? (Msomaji, Mombasa)

Macho yako ni mazima. Mfalme alikuwa yule yule mmoja. Felipe wa Pili wa Uhispania alitwaa pia taji la Ureno mwaka 1580, kwa hiyo Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593 ilijengwa chini yake, ingawa waliosimamia Mombasa walikuwa Wareno. Aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano wa Milano. Aliyechora ngome za Cartagena, Battista Antonelli, naye Mtaliano. Wataliano ndio walioshika fani ile siku hizo: ukuta mfupi na mnene, wenye pembe zinazochomoza nje, ili adui akiusogelea ukuta mmoja apigwe mizinga kutoka pembe ya jirani. Hata mawe ni ndugu, kwani Cartagena nako walikata matumbawe.

Antonelli alipelekwa mwaka 1586, mara baada ya balaa. Mwaka huo Francis Drake aliuteka mji, akakaa wiki kadhaa, akawa anateketeza nyumba mtaa baada ya mtaa huku mazungumzo yakiendelea, mpaka wenyeji wakamlipa dukati 107,000, sarafu za wakati ule, aondoke. Waingereza humwita shujaa, Wahispania humwita haramia. Katika hili mimi niko na Wahispania. Toka hapo ujenzi uliendelea, kwa kusimama na kuanza tena, hadi mwaka 1796. Kuta zilifika kama kilomita 11. Gharama zililipwa na hazina za makoloni mengine, jasho likatoka kwa watumwa na wafungwa.

Kazi ninayoistaajabia kuliko zote haionekani kwa mtalii. Ghuba ina milango miwili, Bocagrande ulio mpana na Bocachica ulio mwembamba. Katika miaka ya 1770 mhandisi Antonio de Arévalo aliuziba ule mpana kwa ukuta uliojengwa chini ya maji. Meli yoyote kubwa ikabaki na njia moja tu, Bocachica, katikati ya ngome mbili zinazotazamana.

Je, watu wa pwani yetu walipelekwa huko utumwani? (Mwalimu, Bagamoyo)

Waliofikishwa Cartagena walitoka hasa magharibi mwa Afrika: Senegambia na Guinea kwanza, kisha zaidi Angola na Kongo. Kati ya 1595 na 1640 wafanyabiashara wa Kireno ndio waliokuwa na mkataba wa mfalme wa Uhispania wa kuleta watumwa, na Cartagena ilikuwa mojawapo ya bandari chache ambako iliruhusiwa kisheria kuwashusha. Kutoka hapo waliuzwa hadi Peru.

Ukifika utaambiwa habari za Pedro Claver, mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Wajesuiti, aliyewasili mwaka 1610. Alikwenda kuzipokea meli za watumwa na machungwa, ndimu na tumbaku, akateremka kwa wagonjwa waliolala kwenye uchafu wao, akawaosha, akawabatiza. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1888. Wanaotajwa kidogo ni wakalimani wake. Hao walikuwa Waafrika, na walikuwa watumwa wa chuo cha Wajesuiti chenyewe. Bila wao Claver asingeongea lolote na mtu wa Angola. Alipofariki mwaka 1654 na kesi ya utakatifu wake ikafunguliwa, baadhi yao waliitwa kutoa ushahidi, na ndiyo sababu tunajua mengi kuhusu mashimo ya meli zile. Claver aliwahurumia watu kwa dhati, ila biashara yenyewe hakuigusa.

Ni kweli kuna kijiji huko kinachosema Kikongo? (Msomaji, Lubumbashi)

Karibu na kweli. San Basilio de Palenque, kama kilomita 50 kutoka mjini, kiliundwa na watumwa waliotoroka. Lugha yao ni krioli: maneno mengi ni ya Kihispania, lakini Kikongo kimo ndani yake, kwenye msamiati na hata kwenye sarufi. Kiongozi anayekumbukwa zaidi ni Benkos Biohó. Watawala walishindwa kumkamata, wakafanya naye mapatano, kisha wakamnyonga mwaka 1621. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wa Palenque kuwa urithi wa binadamu wote.

Jemadari mwenye jicho moja na mguu mmoja: ni hadithi tu? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, na mkono mmoja pia ulikuwa haufanyi kazi. Blas de Lezo, jemadari wa Kihispania aliyeilinda Cartagena, alivipoteza hivyo vitani akiwa bado kijana. Mwaka 1741 Mwingereza Edward Vernon alikuja na meli zipatazo 180 na watu zaidi ya 20,000. Ndani ya Cartagena walinzi hawakufika 5,000. Waingereza waliingia ghubani, na Vernon akapeleka nyumbani habari za ushindi. London ikapiga medali zinazomwonyesha Lezo amepiga magoti. Wakati huo askari wa Vernon walikuwa wanafia chini ya ngome ya San Felipe, ngazi zao zikiwa fupi kuliko ukuta, na homa ya manjano ikimaliza waliosalia. Waliondoka mikono mitupu. Lezo naye alikufa mwaka huohuo. Medali bado zipo, na wakusanyaji huzinunua.

Kwa nini huitwa Mji wa Mashujaa? (Msomaji, Tanga)

Ulijitangazia uhuru kamili tarehe 11 Novemba 1811. Mwaka 1815 jenerali wa Uhispania, Pablo Morillo, aliuzingira kwa zaidi ya siku 100, hadi watu wakala panya na ngozi. Maelfu walikufa. Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, ndiye aliyeupa sifa hiyo.

Bado ni bandari, au imebaki ya watalii? (Dalali wa mizigo, Dar es Salaam)

Bandari hasa, tena miongoni mwa zenye makontena mengi katika Karibi. Ila katika karne ya 19 ililala. Mfereji wa Dique, uliochimbwa mwaka 1650 kuiunganisha na mto Magdalena, ulijaa tope, na Barranquilla, iliyo karibu na mdomo wa mto, ikaunyakua mzigo. Naona kulala huko ndiko kulikookoa kuta nyingi, maana mji wenye pesa ungebomoa zaidi kupanua barabara. UNESCO iliziorodhesha mwaka 1984.

Na ile meli ya hazina iliyozama? (Msomaji, Muscat)

Ni San José, iliyozamishwa na Waingereza mwezi Juni 1708 karibu na Cartagena, ikiwa na watu wapatao 600 na shehena ya dhahabu na fedha kutoka Portobelo. Mwaka 2015 Kolombia ilitangaza kuipata. Uhispania inasema ni meli yake ya kivita, kampuni moja ya Marekani inadai iliigundua zamani, na Waqhara Qhara, wenyeji wa asili wa Bolivia, wanasema fedha ile ilichimbwa na babu zao kwa nguvu. Mimi ningeanza kuwasikiliza hao wa mwisho.