Maswali na Majibu: PDF Zinazovuruga Mpangilio wa Kusoma

Nikinakili maandishi ya PDF yenye safu mbili, mstari wa kushoto unaungana na wa kulia. Mbona kwa macho ukurasa uko sawasawa?

Kwa sababu PDF haikuundwa ili ikumbuke aya wala safu. Ndani yake mna maagizo ya kuchora tu: shika fonti hii, nenda mahali hapa, chora herufi hizi. Vipimo vyake ni pointi, 72 kwa kila inchi, hivyo ukurasa wa A4 ni takriban 595 kwa 842, na sifuri kwa kawaida iko pembe ya chini kushoto. Mara nyingi hata nafasi kati ya maneno haimo. Programu hukisia kwa kupima pengo lililopo kati ya herufi na herufi.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, endesha `pdfinfo`, programu ya mstari wa amri inayoeleza sifa za faili ya PDF. Ikikuonyesha kwamba faili ina vitambulisho vya muundo, yaani alama zinazosema hii ni aya, hiki ni kichwa (vilianza na PDF 1.4, mwaka 2001), huenda mpangilio wa kusoma tayari umo, `pdfinfo -struct` itakuchapishia mti wake. Ukaguliwe lakini: programu nyingine hubandika kila kitu kitambulisho cha aya, vichwa vya habari vikiwemo.

Visipokuwepo, jaribu `pdftotext`, programu ya kutoa maandishi kwenye PDF, bila swichi (chaguo la ziada kwenye amri). Wengi hukimbilia `-layout`, nayo hufanya kinyume cha wanachotaka, kwani huhifadhi sura ya ukurasa, na safu zinabaki ubavu kwa ubavu. Hiyo ni ya majedwali. `-raw` hufuata mfuatano wa maagizo ndani ya faili, ambao wakati mwingine ni sahihi kabisa na wakati mwingine ni vurugu tupu.

Nataka kuandika mwenyewe programu ya kutenganisha safu. Nianzie wapi?

Anza na mbinu ya kukata kwa mapengo, ijulikanayo kama XY-cut, iliyoelezwa na Nagy na Seth mwaka 1984. Ni ya zamani, lakini kwa ripoti na majarida ya kawaida bado inatosha. Chukua kila neno pamoja na kisanduku chake (`pdftotext -bbox` au pdfplumber, maktaba ya Python, vitakupa). Angusha visanduku vyote kwenye mhimili wa mlalo, kisha tafuta ukanda usioguswa na neno lolote. Ukiwa mpana kuliko pengo la kawaida la maneno, tuseme mara mbili, kata hapo, halafu rudia kazi hiyohiyo ndani ya kila kipande.

Ugumu uko kwenye kuchagua ukate upande gani kwanza. Ukianza kukata kwa mlalo, mapengo ya aya yanayolingana katika safu zote mbili yatakuhadaa, nawe utasoma kipande cha kushoto, cha kulia, kisha kurudi kushoto. Jaribu kwanza kukata kwa wima. Ikishindikana kwa sababu kichwa cha habari kimetanda juu ya safu zote, kata kwa mlalo mara moja tu, kwenye pengo kubwa kuliko yote, kisha jaribu tena wima.

Kwa kurasa zilizoskaniwa, nyoosha picha kwanza. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una urefu wa pikseli 3508. Ukiinama nyuzi 1 tu, sehemu ya juu inasogea pikseli 61 kulinganisha na ya chini. Pengo la safu la milimita 5 ni pikseli 59. Yaani pengo zima limepotea, na hakuna kizingiti (kipimo cha upana wa pengo la kukata) utakachobadilisha kitakacholirudisha.

Picha iliyochomekwa katikati ya safu mbili, maandishi yakiizunguka, huishinda mbinu hii kabisa kwa kuwa hakuna mstari mnyoofu wa kukata. Hapo tumia kanuni za mtafiti Breuel, ambazo hulinganisha vipande viwili viwili: vikiwa vinapishana kwa upana, cha juu hutangulia, kimoja kikiwa chote kushoto mwa kingine, nacho hutangulia, ila tu pasiwe na kipande kilicho kati yao kwa kimo na kinachopishana na vyote viwili. Kisha panga vipande kwa kuheshimu matangulizi hayo.

Maandishi yanaonekana vizuri, lakini nikinakili yanatoka alama za ajabu.

Fonti haina ramani ya kuunganisha michoro yake na herufi halisi. Hakuna cha kuchimbua humo. Geuza ukurasa kuwa picha na uusome upya. Programu ya OCRmyPDF ikipewa `--force-ocr` na `-l swa` (lugha ya Kiswahili) hufanya hivyo kwa kutumia Tesseract, programu ya kutambua maandishi kwenye picha. Ila kama tatizo ni “fi” iliyoshikana tu, usawazishaji wa NFKC (kanuni ya Unicode ya kugeuza herufi za pekee kuwa za kawaida) unatosha. Uangalie lakini, maana huohuo hugeuza m² kuwa m2.

Nifanyeje na majedwali?

Kama yana mistari iliyochorwa, ifuate mistari: hali ya lattice ya Camelot, maktaba ya Python ya kutoa majedwali, hufanya kazi nzuri. Yasiyo na mistari hutegemea mapengo, na hapo seli yenye mistari miwili ya maandishi hugeuka safu mlalo mbili. Dawa ya kuanzia ni kuunganisha kila mstari usio na thamani kwenye safu ya kwanza na ule ulio juu yake. Jedwali likiwa na jumla, zijumlishe upya. Seli iliyohama hujulikana papo hapo.

Namba za kurasa na vichwa vinavyojirudia vinaingia katikati ya sentensi. Vilevile maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari.

Linganisha mistari ya juu kabisa na ya chini kabisa katika kurasa zote, tarakimu zote zikibadilishwa kuwa alama moja. Unaojirudia kwenye zaidi ya nusu ya kurasa uondolewe. Kurasa za shufwa na za witiri zihesabiwe mbalimbali, kwani vitabu vingi huzipa vichwa tofauti.

Kwa maneno yaliyokatwa, orodha ya kamusi haisaidii sana katika Kiswahili. “Hawakuyafungua” hulikuti humo. Tengeneza orodha kutokana na hati yenyewe: neno lililounganishwa likionekana mahali pengine bila kistari, liunganishe.

Si rahisi kuipa modeli ya akili unde ukurasa mzima?

Ni rahisi, na hatari yake ni kwamba modeli inayozalisha maandishi huweza kuruka mstari au kubuni neno bila dalili yoyote. Iachie modeli kazi ya kutambua vipande tu: aya, jedwali, tanbihi. Seti ya data ya DocLayNet ya mwaka 2022, yenye kurasa 80,863 na aina 11 za vipande, imetumika sana kuzifunza modeli hizo. Maandishi yenyewe yatoe kwenye faili, kisha hesabu maneno: kila neno la ukurasa lionekane mara moja tu kwenye matokeo.