Intaneti ikizimwa, kiswaswadu hakikuokoi

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, nilikuwa nyumbani Dar es Salaam, bando limejaa na hakuna kinachofunguka. Jioni tukaambiwa mwisho wa kutoka nje ni saa 12. Kilichobaki ni simu za kawaida na meseji.

Mjomba wangu akatoa kiswaswadu chake, simu ndogo ya batani isiyo na intaneti, kabatini, akakifuta vumbi, akatangaza kwamba sasa hakuna wa kumfuatilia. Halafu akaanza kunitumia meseji ndefu za herufi kubwa tupu: nani kaonekana wapi mtaani kwao, saa ngapi, majina yote mawili. Nikampigia mbio. "Shikamoo mjomba. Leo tuulizane afya tu, mengine nitakuja unisimulie."

Wengi wanalikosea hili. Ujumbe wa WhatsApp au Signal hufungwa kwa fumbo tangu kwako hadi kwa mwenzako. Meseji ya kawaida inapita kwa kampuni ya simu ikiwa wazi, na kumbukumbu inabaki: nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Kwa hiyo intaneti ikizimwa tunasukumwa kwenye njia iliyo wazi kuliko zote, tena tukiwa na hofu, midomo haina breki.

Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kuchomeka laini ya mtu mwingine nako si dawa. Bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe: mtandao unaisoma hata ukibadilisha laini kumi. Kuzima lokesheni hakuifichi simu kwa mnara. Safari usiyotaka ijulikane, simu ilale nyumbani.

VPN, ile programu ya kupitisha intaneti yako njia ya pembeni? Inafaa pale mtandao mmoja unapofungwa, kama X (zamani Twitter) Mei 2025. Intaneti yote ikikatwa haina pa kupitia. Na kumbuka tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka anayeitumia ajitambulishe kwao.

Intaneti iliporudi siku kadhaa baadaye, polisi walikuwa wakionya dhidi ya kusambaza picha za taharuki, na kila mtu akawa anafuta. Ukifuta, ingia pia kwenye kapu la picha zilizofutwa, maana hukaa humo kwa wiki kadhaa. Zima na ule mtindo wa WhatsApp kujihifadhia kila picha ya magrupu. Na ufunguo wa simu uwe namba ndefu badala ya kidole. Kidole mtu anaweza kukushika akakiweka mwenyewe.

Kwetu sasa tuna mpango. Saa 1 usiku kila mmoja anampigia mama. "Tumeshakula" maana yake wote tuko salama ndani. Namba sita muhimu zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari nyuma ya mlango wa jikoni. Noti kidogo zipo kwenye kopo la majani ya chai, maana siku zile wakala wa mtaani kwetu alikuwa amefunga kibanda.

Mjomba kakirudisha kiswaswadu kabatini. Betri kaitoa kwanza.