Heri sifuri kuliko kimya

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama wahakiki wa mtandaoni waliujenga au waliuharibu muziki wa miaka ya 2000. Najua wengi watawajibu kwamba hawakufanya lolote, maana kizuri chajiuza. Mimi nasema waliujenga, tena nasema hivyo nikiwa Nairobi, mji uliojaa muziki miaka hiyo na ambao karibu hakuna aliyekaa chini kuuhakiki.

Jarida la muziki la mtandaoni lililotajwa zaidi ni Pitchfork la Marekani. Ryan Schreiber alilianzisha mwaka wa 1995 huko Minneapolis, kijana aliyetoka shule ya upili juzijuzi, kisha akalihamishia Chicago. Kila albamu ilipewa alama kati ya 0.0 na 10.0. Septemba 2004 Arcade Fire, bendi ya Montreal isiyojulikana na wengi, ilipewa 9.7 kwa albamu yake ya kwanza, na Merge, kampuni ndogo ya rekodi iliyoitoa, ikaishiwa nakala. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya bendi ya Clap Your Hands Say Yeah. Hawa walikuwa wametoa albamu wenyewe bila kampuni yoyote. Wakapata 9.0, maagizo yakawalemea. Nyimbo zao zilikuwa nzuri hata kabla ya kuandikwa, lakini nani nje ya mtaa wao alizijua? Hapo methali yetu haikufua dafu.

Sifichi madhara yake. Mwaka huo huo wa 2004 mwanamuziki Travis Morrison alipewa 0.0 kwa albamu yake, na alisimulia baadaye kwamba watu waliokuwa wakimshangilia walimgeuka usiku mmoja. Duka moja la Texas lilikataa hata kuiweka albamu hiyo. Mwimbaji Liz Phair alikuwa amepigwa sifuri kama hiyo 2003. Aliyeandika uhakiki huo alimwomba radhi hadharani 2019, na miaka miwili baadaye jarida likaipandisha alama hadi 6.0. Radhi iliyochelewa kiasi hicho haimrudishii mtu mashabiki aliowapoteza. Isitoshe, waandishi wengi wa mwanzo walikuwa vijana wa kiume wa Marekani wenye mapenzi na gitaa, na muziki wa kucheza na wa wanawake ulikiona cha moto. Haya yote nayajua na bado nashikilia jibu langu.

Sababu yangu ni hii. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Saiba za mjini zilitoza kwa dakika. Ukurasa wa maandishi ulifunguka. Wimbo ulikwama katikati, au haukuja kabisa. Kwa hiyo sisi tuliusoma muziki kabla ya kuusikia. Nilisoma jinsi ngoma zilivyochelewa kuingia katika wimbo fulani, jinsi sauti ya mwimbaji ilivyowekwa nyuma ya vyombo makusudi, na kwa nini hilo lilifanya wimbo uhuzunishe. Masikio yangu yakafunzwa kwa maandishi. Nikipanda matatu ya Buruburu na dereva amefungulia wimbo wa rapa Jua Cali, nilianza kusikia kazi ya prodyuza Clemo wa Calif Records: besi nzito, kinanda chenye noti chache zinazojirudia, halafu nafasi kubwa iliyoachiwa mdomo wa msanii. Ile nafasi ndiyo iliyofanya sheng isikike kila neno, hata ndani ya gari lililojaa watu wanaoongea. Sikuwahi kuisoma habari hiyo popote. Hakuna aliyeiandika.

Na tulikuwa na mengi ya kuandikwa! Studio ya Ogopa ilikuwa na mtindo wake wa kapuka, Calif na wao mtindo wao wa genge, na mtaani Dandora kulikuwa na kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Rapa E-Sir alifariki katika ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa ndio kwanza anachanua. Kurasa za burudani zilitueleza nani ameachana na nani na nani amenunua gari. Walioamua kibao kipi kiende mbele walikuwa watangazaji wa redio, madeejay na makanga, na wengi wao walikuwa na masikio mazuri sana. Lakini uamuzi wao uliishia hewani. Kijana wa leo akitaka kujua kwa nini albamu ya Kilio cha Haki ya 2004 ilikuwa na uzito, atauliza wajomba zake. Albamu iliyopewa sifuri huko Marekani mwaka huo huo ina maandishi ambayo mtu anaweza kuyafungua leo na kuyapinga mstari kwa mstari.

Tazama pengo hilo ndani ya ukoo mmoja. KMRU, msanii wa sauti kutoka Nairobi, alitoa albamu ya Peel mwaka wa 2020 na wahakiki wa ng'ambo wakaichambua kwa makini. Babu yake, Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikuyu, aliaga dunia 2018 baada ya kuimba kwa miongo. Ni mjukuu huyo ndiye anayezitoa upya rekodi za babu yake. Nani ameziandikia uhakiki, moja baada ya nyingine?

Nguvu ya wahakiki hao wa mtandaoni imepungua, hilo ni kweli. Kampuni ya majarida ya Condé Nast ililinunua Pitchfork 2015, na Januari 2024 ikatangaza kuliunganisha na GQ, jarida lake la wanaume. Spotify, programu ya kusikiliza muziki, imo Kenya tangu 2021, na wimbo unaupata kabla hujamaliza kuutaja. Programu itakuletea wimbo unaofanana na ule wa jana, ila haitakwambia kwa nini ule wa jana ulikugusa.

Kwa hiyo naomba, Mhariri: tengeni nusu ukurasa kila wiki kwa albamu moja ya hapa nyumbani, mpya au ya zamani, na mwandishi aweke jina lake chini. Alama si lazima. Akiiponda, aeleze ni wimbo upi na ni wapi ulipomkera, na msanii apewe nafasi ya urefu ule ule kumjibu wiki inayofuata.

Msomaji wenu,
Eastlands, Nairobi