Kwa uliyeuliza namna ya kuongea na wavuvi kuhusu VVU na TB

Mkuu, umesema umepangiwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kutoa elimu ya VVU, TB na magonjwa ya ngono, ukaitisha mkutano mara mbili wakaja watoto na mama muuza maandazi. Mimi nimejitolea miaka minne kwenye mwalo mmoja upande wa Mwanza, na yalinikuta hayo hayo.

Uliitisha lini? Wavuvi wa dagaa wanavua gizani kwa taa. Saa nne asubuhi unapopiga kipaza sauti, wamelala fofofo. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapaki, watu wanashona nyavu na kupiga soga. Kaa nao hapo hapo, hata meza usibebe.

Halafu usianze na ngoma, yaani VVU. Mimi niliianza nayo: hema, bango la kupima VVU, tukashinda tunatazamana na nesi. Nani akubali kuonekana akiingia pale? Safari iliyofuata nikauliza kikohozi tu: nani anakohoa wiki mbili sasa, usiku analowa jasho, suruali inamvuka? Wakaanza kutajana wenyewe kwa utani. Makohozi wakatoa, na anayekutwa na TB anashauriwa kupima VVU hapo hapo zahanati. Ila sema wazi kwamba si kila mwenye TB ana VVU. Wengi wanaficha kikohozi kwa sababu hiyo.

Kosa lililoniuma ni jingine. Jamaa mmoja alianza dawa, wiki haijaisha akakimbilia kisiwani. Nikamfuata, akanivuta pembeni: "Bro, nakojoa damu." Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa za TB! Inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu, na rangi hiyo yenyewe haina shida. Nilikuwa nimemhubiria miezi sita ya dozi, usugu, kila kitu, hilo nikaliruka. Siku hizi ndilo naanza nalo.

Gono na kaswende waachie wanaume waulizane wenyewe, wewe sikiliza kwanza. Utasikia vidonge viwili vya duka la dawa, na mwenza hajui lolote. Hapo ndipo pa kuingilia, maana akitibiwa peke yake, mwenza anaweza kumwambukiza tena. Wanawake waanika dagaa mpelekee mwanamke mwenzao.

Huko kwako wanahama kambi? Kama wanahama, ongea na zahanati mapema mtu apewe barua ya uhamisho na dawa za njiani kabla mtumbwi haujaondoka.